Mlingoti wa Shilingi 120

Tangu niweke ile video ya bata wa plastiki anayezungusha mabawa kwa mota ya DVD iliyokufa, simu yangu haijapumzika. Wengi mmenipongeza, asanteni. Lakini kuna ujumbe mmoja umeingia mara nyingi kuliko yote, kwa Kiswahili, kwa Sheng, hadi kwa Kibukusu: "Buda, nitengenezee moja nikategee bata kule Nzoia." Mwingine ameuliza kama inaweza kusimama kwa matope ya Saiwa, ati ako na wasee wa kununua nyama tayari. Mwingine ametuma doo kabisa, soo tano, nikamrudishia.

Jibu ni zii. Na kwa sababu mimi ndiye niliwasha huu moto, wacha nieleze vizuri, maana sitaki mtu aseme eti nimejifanya mtakatifu baada ya kupata watazamaji.

Kwanza tuelewane hiki kitu ni nini. Huko Marekani wawindaji wa bata hupanda bata wa bandia kwenye maji, juu ya mlingoti mfupi, na mabawa yake huzungushwa na mota ndogo. Bawa upande mmoja jeupe, upande wa pili jeusi. Likizunguka, linamweka-memeka, na bata aliye juu angani anaona kama mwenzake anatua. Anadhani chini kuna chakula na usalama, anashuka, anapigwa risasi. Inafanya kazi vizuri hadi kuna majimbo, California ni mojawapo, yameiwekea masharti kwa sheria za uwindaji. Yaani hata mahali ambapo kuwinda bata ni mchezo wa wikendi wenye leseni, watu waliona hii mashine inampa mwindaji nguvu nyingi mno. Na tangu 1935 serikali yao ilikataza kabisa kutumia bata hai kama chambo.

Sasa hapa kwetu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikafunga hiyo mlango tena kwa kufuli. Hakuna leseni ya bata utaenda kununua Kitale mjini. Ukishikwa na hiyo mashine yako kando ya mto, wewe si mwanamichezo, wewe ni mwindaji haramu, na hakimu hatakuuliza kama mota ulitoa kwa DVD ama kwa printa.

Lakini mimi sheria si sababu yangu kubwa, na mnajua. Sababu yangu iko mbele kidogo ya Bungoma, ukifuata Nzoia ikiteremka hadi karibu kuingia ziwani. Kule Bunyala, kwenye mashamba ya mpunga, kwa miaka mingi watu wamekuwa wakinasa ndege kwa chambo. Si chambo cha plastiki. Wanamkamata korongo wa konokono akiwa hai, wanamfunga pale majini, wenzake wakipita juu wanaona mmoja wao ametulia anakula, wanashuka. Na pale chini kuna konokono waliotiwa dawa ya kuua wadudu, carbofuran, ile iliyojulikana madukani kama Furadan. Ndege wanakula, wanaanguka, wanaokotwa, wanauzwa, wanapikwa. Bata pia, na mpunga ukitiwa sumu hiyo hiyo. Mtafiti Mkenya, Martin Odino, alikaa kule akahesabu ndege waliokufa na kupiga picha. Kampuni iliyotengeneza Furadan iliiondoa Kenya mwaka 2009 baada ya kelele za simba waliokuwa wakiuawa kwa dawa hiyo hiyo. Kelele za simba, si za bata. Bata hawana kelele ya kufika Nairobi.

Kwa hivyo ukiniambia "nitengenezee bata wa kutegea," mimi naona yule korongo amefungwa mguu. Tofauti ni mota tu.

Sasa hapo ndipo ningemaliza kama mimi ni mtu wa kuhubiri. Lakini mimi ni mtu wa kutengeneza vitu. Na huu mchezo wa mota juu ya mlingoti sikuuanza kwa sababu ya bata. Niliuanza kwa sababu ya kukhu.

Kukhu yangu anakaa upande wa Chwele, Bungoma. Ako na shamba la wimbi, si kubwa, robo tatu ya ekari hivi. Wimbi ndiyo uji wake, ndiyo ugali wake wa heshima mgeni akija, na ndiyo pesa ya karo ya binamu yangu anayekaa naye, maana kilo ya wimbi haiwezi linganishwa na kilo ya mahindi kwa bei. Wimbi hupandwa mvua ndefu ikianza, na ikifika Julai inaanza kujaza punje. Kuna wiki mbili, tatu hivi, punje ikiwa bado laini, ukiifinya inatoa maziwa. Hizo wiki ndizo ndege wanangoja mwaka mzima. Mnana, shomoro, wale wadogo wa mdomo mwekundu, wote. Ukiacha shamba peke yake asubuhi tatu tu, unavuna majani.

Na nani hufukuza ndege? Waswahili wa zamani walikuwa na neno lake kabisa, kuamia, na walikuwa wanajenga dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, mtu anakaa juu na kombeo lake. Kwa kukhu hakuna dungu. Kuna binamu yangu. Ako Gredi 8. Julai shule bado haijafungwa, lakini yeye huwa shambani saa kumi na mbili asubuhi na debe la kupiga, hadi saa tatu jua likipanda na ndege wapumzike. Saa tatu aoge, atembee, afike shule saa nne na nusu, aambiwe apige magoti. Siku zingine haendi kabisa, kwa sababu saa kumi jioni ndege wanarudi zamu ya pili.

Mwaka jana nilienda kuwaona nikapata kitabu chake cha hesabu. Kurasa za wiki mbili hazina kitu. Si eti alifeli, hazina kitu, nyeupe. Nikamuuliza kukhu, kwa adabu, kama haiwezekani mtu mwingine afukuze. Kukhu akaniangalia akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe unakaa Kitale unapiga picha za nyaya. Kama unajua mtu asiyekula na anajua kupiga debe, mlete." Nikanyamaza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mtoto lazima awe shule, na ninaikubali sana, lakini haina mkono wa kushika debe.

Jirani yake alikuwa amechagua njia yake. Aliloweka mtama kwa dawa akamwaga kando ya shamba. Ndege walikufa kweli. Kuku wanne wa kukhu pia walikufa, na kunguru waliokula wale kuku, na paka wa watu fulani ambaye hadi leo hawajaambiwa ukweli.

Hapo ndipo nikasema nitajaribu. Na hapa ndipo nataka mnisikize, kwa sababu nilifanya makosa yote ambayo naona mnataka kufanya kwa hizo jumbe zenu.

Kosa la kwanza, niliweka pesa yote kwa mota. Nilinunua mota ya waipa ya matatu kwa fundi mmoja pale Kitale, thao moja na soo mbili. Maze, hiyo mota ina nguvu, inaweza kuzungusha mbuzi. Nikaiunga na betri ya pikipiki. Asubuhi ya kwanza ilizunguka vizuri, mwewe wangu wa bati akapaa, ndege wakatoroka, kukhu akapiga vigelegele. Kabla ya saa mbili, kimya. Mota ya waipa inakunywa umeme kama mtu ametoka jangwani, na betri ya pikipiki ni ya kuwasha injini sekunde mbili, si ya kufanya kazi ya mchana.

Kosa la pili, mlingoti. Nilitaka kitu imara kwa hiyo nikanunua bomba la chuma, futi kumi, thao moja na nusu. Nikalichimbia shimo, nikamwaga kokoto, nikashindilia. Lilikuwa limesimama kama mlingoti wa bendera ya chifu. Siku ya nne nikapigiwa simu. Bomba halipo. Mota haipo, betri haipo, lakini kilichoniuma ni bomba, kwa sababu shimo liliachwa safi kabisa, mtu alifanya kazi ya kitaalamu. Binamu yangu aliniambia wazi: "Hapa chuma ikilala nje ni ya watu wa kununua vyuma kuukuu. Ungeuliza."

Ningeuliza kweli.

Kosa la tatu sikulijua hadi baadaye, na ndilo lililonifundisha zaidi. Hata kama bomba lingebaki, halingesaidia. Ndege si wajinga. Kitu kikisimama mahali pamoja, hata kikizunguka, siku ya kwanza wanatoroka, siku ya pili wanakaa mbali wanaangalia, siku ya tatu wanakula chini yake, siku ya nne wanatua juu yake kupumzika. Siongezi chumvi. Jaribio langu la pili, mnana wawili walitua juu ya mlingoti, mmoja akajisafisha manyoya huku mabawa yanazunguka hapo sentimita kumi kutoka mkia wake. Nilikuwa nimewajengea hoteli.

Dawa ya hiyo ni moja tu: hamisha. Kila siku mbili, kitu kiwe mahali pengine, urefu mwingine kama inawezekana. Na sasa fikiria kuhamisha bomba la chuma la futi kumi lililoshindiliwa kwa kokoto, kila siku mbili, na anayehamisha ni nyanya wa miaka sabini na kitu. Haiwezekani. Kwa hiyo sanamu zote za kutisha ndege, za nguo kuukuu, za mota, za jua, zote zinakufa kwa sababu ya mlingoti. Mtu anajenga kitu kigumu, anakipanda kama mti, anaenda zake, ndege wanazoea, halafu anasema sanamu hazifanyi kazi. Ndiyo maana nikiona mtu ananiuliza "mota gani?" mimi najua ameanzia mwisho.

Basi mlingoti wangu wa sasa ni huu.

Ufito wa blugam, mita tatu, shina unene wa mpini wa jembe. Finje tu, shilingi 50, kwa wale wanauza miti ya mjengo, na ukiwa na rafiki mwenye kipande cha msitu ni bure. Usitumie mbichi. Blugam mbichi ikikauka inapinda na kupasuka. Toa maganda, iweke kivulini wiki mbili ikiwa imelala juu ya mawe matatu ili isipinde. Mwanzi pia ni mzuri na mwepesi zaidi, lakini ukipasuka juu pale unapofunga mota, umekwisha.

Halafu soketi. Hapa ndipo akili yote iko. Badala ya kuchimbia mlingoti, unachimbia shimo lake. Tafuta vipande vya bomba la plastiki la maji taka, inchi mbili, vile vinabaki kwa mjengo. Mimi naviokota bure, mafundi wanavitupa. Kata urefu wa sentimita 60, na upande wa chini ukate mshazari kama kalamu ya zamani. Usikipige na nyundo moja kwa moja, kitapasuka. Toboa kwanza na mtaimbo, uzungushezungushe hadi shimo lifungue, mimina maji kidogo kama udongo ni mkavu, halafu sukuma kipande ndani hadi kibaki kiganja kimoja juu ya ardhi. Panda soketi kama hizo sita, saba, kila pembe ya shamba na katikati. Ziache hapo msimu wote. Soketi isiyo na mlingoti funika na kopo, isijae udongo na chura.

Sasa shina la ufito lizungushie tyubu kuukuu ya baiskeli ama bodaboda, vipande vilivyokatwa kama utepe, hadi liingie kwenye soketi kwa kubana. Tyubu inafanya kazi mbili. Inazuia mlingoti kucheza, na inameza mtetemo wa mota. Hii ya mtetemo nilikuwa naidharau. Mabawa hayawezi kuwa sawa kabisa kwa uzito, kwa hivyo kila yakizunguka yanavuta mlingoti huku na huku, na kwa sababu yako juu mita mbili na nusu, kuvuta kidogo huko juu ni kuvuta kwingi huku chini. Mlingoti uliochimbiwa kwa udongo wenye mvua unajichimbia wenyewe hadi uanguke. Mimi wa kwanza wa mti uliangukia wimbi usiku, ukalaza kipande kama meza.

Juu kabisa, kipande cha mbao saizi ya sanduku la kiberiti lakini kubwa mara mbili, boliti mbili na nati, shilingi 40. Mota inafungwa hapo kwa utepe wa tyubu, si kwa waya peke yake, waya unalegea. Waya wa kufungia ni wa shilingi 30. Chupa ya soda ya nusu lita ikatwe tako, ivishwe juu ya mota kama kofia, mvua isiingie. Na juu ya hiyo chupa, msumari umesimama na ncha juu. Huo msumari ni wa wale mnana wa hoteli.

Hamsini, arobaini, thelathini. Mia moja na ishirini.

Kuhusu mota nitapita haraka kwa sababu ile video inaeleza. Ile ndogo inayofungua mdomo wa DVD inatosha, na umeme nautoa kwa betri ya taa ya sola iliyokufa balbu. Mabawa ni plastiki ya mtungi wa mafuta ya kupikia, upande mmoja nimebandika vipande vya CD. Bati usitumie. Bati likichomoka likiwa linazunguka linaweza kumtoa mtu jicho, na anayepita hapo ni mtoto. Na si lazima izunguke siku nzima. Kuanzia saa nne hivi upepo unaamka na utepe wowote unaong'aa ukiufunga kwa mlingoti unafanya kazi bure. Mota ni ya ile saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, hewa ikiwa imetulia tuli na ndege wakiwa na njaa. Kukhu anawasha akienda kukamua, anazima akirudi kunywa chai.

Umbo nalo? Bata aache kabisa. Ule mmetemete wa bawa unamvuta bata kwa sababu anaona bata mwenzake. Mimi nilikata mabawa kama ya mwewe, nikaning'iniza na mkia mrefu wa karatasi ya nailoni. Tena nina mbili, ya pili ni mtu tu mwenye mikono ya koti la marehemu kuka. Siku mbili mwewe, siku mbili kuka. Binamu yangu anasema ndege wanamwogopa kuka zaidi, na watu wa kijiji pia, jioni.

Je, imefanya kazi? Wacha niseme ukweli, kwa sababu najua kuna wenye mtaniita tapeli msimu ukifika. Haijaondoa ndege wote. Pembe ya shamba iliyo karibu na mti wa mkuyu waliila, kwa sababu ndege wanakaa mtini na wana muda wa kusoma mashine. Jioni bado mtu anahitajika na debe. Na kama lile kundi la kwelea la maelfu lililoshukia mashamba ya mpunga Kisumu mwanzo wa 2023 lingekuja Chwele, mwewe wangu wa mtungi wa mafuta angekuwa kitafunio. Kule serikali ilinyunyiza dawa, fenthion, na hiyo dawa haichagui, bundi na mwewe wa kweli wanaokula kwelea waliokufa nao wanaweza kufa. Sina jibu la kundi kama hilo na sitajifanya ninalo.

Lakini asubuhi, zile wiki tatu, binamu yangu alienda shule. Si siku zote. Siku mbili mlingoti ulikwama kwa soketi kwa sababu ufito ulikuwa umevimba na maji, na siku moja kukhu alisahau kuwasha. Siku zilizobaki alifika kabla ya kengele. Kitabu cha hesabu sijakiangalia mwaka huu, niliogopa ningeonekana kama mkaguzi, lakini yeye mwenyewe alinionyesha alama za kipeo na kipeuo bila kuulizwa, na mtu hakuonyeshi kama hana.

Sasa nirudi kwenu wa bata. Najua wengine wenu si watu wabaya. Unaamka Kitale, hakuna kazi, unaona video, unaona ndege wa bure wanaelea mtoni na hoteli inanunua nyama bila kuuliza. Naelewa. Lakini mlingoti ule ule, mota ile ile, kuna mtu mwenye shamba ambaye angekulipa. Fikiria. Trans Nzoia wanapanda mahindi Machi, Aprili, na mbegu ikichipuka kanga na kunguru wanafukua mstari mzima. Korongo taji pia. Nyinyi wa Kitale mnamjua, yule mwenye taji la dhahabu kichwani ambaye Waganda wameweka kwa bendera yao. Tangu 2012 ameorodheshwa duniani kama ndege aliye hatarini kutoweka. Kule Kipsaina, karibu na Saiwa, wakulima wa kawaida tu walianzisha kikundi chao miaka mingi iliyopita kumlinda yeye na kinamasi chake, wakapanda miche, wakazungumza na majirani wasimwekee sumu. Hao watu wamekuwa wakifanya kazi kabla wengi wetu tuzaliwe. Na bado mkulima aliyenunua mbegu kwa bei ya sasa akikuta korongo kumi wamefukua mahindi yake, ana haki ya kukasirika. Swali ni anashika nini akikasirika. Kama kitu cha karibu ni pakiti ya sumu, atashika sumu. Kama kitu cha karibu ni kijana wa mtaa mwenye fito kumi na soketi hamsini, ambaye atamwekea shamba lote na kuja kuhamisha kila siku mbili kwa wiki tatu, pengine atashika hiyo.

Hesabu yangu mimi, si ya kitabu: fito nne kwa ekari, karibu soo tano za vifaa ukiacha mota. Mkulima akulipe thao mbili kwa msimu, unahamisha ukienda na baiskeli. Haikufanyi tajiri. Lakini shamba tano njia moja ni kitu, na hakuna askari wa wanyamapori anakufuata. Kazi yenyewe ni kuhamisha, na hiyo haiwezi kuagizwa kutoka China.

Kuna mmoja amenijibu tayari, ati mimi napenda ndege kuliko watu. Huyo nimemtumia picha ya kuku wanne wa kukhu. Hajajibu.

Kitu kingine, mmeuliza kuhusu mchwa. Wazee wanapaka shina la mti oili chafu ya gari. Mimi sipaki. Mlingoti hauguzi udongo, uko ndani ya soketi, na msimu ukiisha unarudi jikoni kulala juu ya dari kwenye moshi. Hiyo oili chafu ukiipaka karibu na kisima utaikunywa.

Wiki ijayo niko Chwele kuanzia Ijumaa, siku ya Jumamosi nitakuwa shambani saa kumi na mbili na binamu yangu atakuwa ndiye anashika kamera, maana ndiye anajua pembe za shamba. Tutajaribu soketi za mwanzi badala ya plastiki, kwa sababu vipande vya mjengo vimeanza kuuzwa tangu watu waone ninaokota. Kama uko Kitale, Kiminini ama Kamukuywa na una DVD iliyokufa nyumbani, usiitupe. Nitapita na baiskeli. Ile ya bata nimeivunja, mabawa yako kwa mwewe wa tatu, na kichwa chake kiko kwa kukhu, anakitumia kufunika debe la sukari.